Nimekuta makato ya chama ambacho sikujiunga. Watumishi, ninyi mlichagua vipi chama chenu?

Mgeni wa Halmashauri (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niko kada ya afya, ajira mpya, huu ni mwezi wa nne katika halmashauri moja ya Kanda ya Kati. Mshahara wa kwanza ulipoingia slipu sikuisoma, nilitazama mstari wa mwisho tu nikakimbilia kulipa deni la godoro. Mwezi wa pili ndipo nikakaa nayo mezani. Kodi, sawa. Pensheni asilimia 5, sawa. Bima ya afya asilimia 3, sawa. Bodi ya Mikopo asilimia 15, roho iliniuma ila bumu nililila mwenyewe. Chini ya hapo nikakuta jina la chama cha wafanyakazi na 13,600. Mshahara wangu ni 680,000, kwa hiyo ni asilimia 2 isiyopungua hata shilingi.

Sijawahi kujaza fomu ya chama chochote. Nilipomuuliza afisa utumishi alijibu bila kuinua macho: "Wote wanakatwa, ni utaratibu."

Sasa wiki iliyopita wamekuja kituoni watu wa chama kingine, pikipiki mbili, begi la fomu na kofia. Wanasema tuhame kwao, makato yao ni madogo na wao "wanapambana". Wauguzi wawili walisaini palepale wakiwa na glavu mkononi. Mimi nikaomba muda.

Majina ya vyama sitaji, maana nawajua, uzi utageuka Simba na Yanga. Ninachotaka kujua ni mambo mawili. Hiki cha kwanza kinanikata kwa ruhusa ya nani? Na mtu akitaka kuchagua kwa akili zake, anaangalia nini? Mpaka sasa mimi nimeona kofia tu.

Kibatari

Kofia ya rangi gani? Tuanzie hapo.

Mwl wa Zamu

Karibu kazini mdogo wangu. Mimi nina miaka kumi na saba ya chaki. Vyama vyote ni mtoto wa baba mmoja. Mwaka mzima huwaoni, ikifika Aprili wanakuja kukupima saizi ya tisheti ya Mei Mosi. Unaandamana na jua lako, unapita mbele ya jukwaa, unapewa soda, unarudi nyumbani. Piga hesabu: 13,600 mara kumi na mbili ni 163,200 kwa mwaka. Hiyo ni tisheti ghali kuliko suti.

Chagua chenye makato madogo, mengine ni hadithi.

Karani Mstaafu

Mgeni, karibu. Nimekaa masjala na ofisi ya utumishi mpaka nilipostaafu, na fomu hizi nimezigonga mihuri hadi kidole kikaota sugu. Ngoja nikueleze kwanza ulipo, ndipo uulize unakokwenda.

Wewe si mwanachama. Unacholipa kwa vyovyote ni ada ya uwakala. Ni vitu viwili tofauti ingawa kwenye slipu vinafanana kama mapacha, na ndiyo maana watu wanafikia umri wa kustaafu hawajui walikuwa upande gani.

Sheria ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 61 kinasema mwajiri anakata ada ya uanachama pale mfanyakazi alipoidhinisha kwa fomu maalumu. Ndiyo hiyo TUF 6 uliyoiona kwenye begi. Ukitaka kujitoa, unaandika notisi ya mwezi mmoja, nakala kwa mwajiri, nakala kwa chama. Hapo hakuna wa kukuzuia.

Kifungu cha 67 ndicho chenye nguvu. Chama kilichosajiliwa kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kitengo cha majadiliano, yaani kundi linalojadiliwa kwa pamoja na mwajiri, kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi wote wa kitengo hicho. Wote, nikimaanisha hata wewe uliyekuwa bado unatafuta chumba cha kupanga.

Halafu kinakuja cha 72. Chama kilichotambuliwa kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wachangie. Ada hiyo haitakiwi kuzidi ile ya mwanachama, inatakiwa ikae kwenye akaunti yake peke yake, na itumike kutetea maslahi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo. Sababu yake ni nyepesi: chama kikipigania stahiki, stahiki haichagui nani alijiunga. Hupendi kuchangia harusi lakini pilau unakula.

Kwa hiyo afisa utumishi wako hakukudanganya, ila amekujibu kivivu. Muombe akuonyeshe mambo mawili: kama faili lako lina TUF 6 yenye saini yako, na kama halmashauri ina mkataba wa uwakala na chama hicho. Kama fomu haipo na mkataba haupo, hapo una kesi.

Jambo moja usilisahau. Anayelipa uwakala analipa, lakini hapigi kura. Mkutano wa tawi si wake.

Mgeni wa Halmashauri

Shikamoo mzee wangu. Yaani nalipa sawa na wenzangu halafu sina kura?

Karani Mstaafu

Marahaba. Ndiyo. Na usishangae sana, maana sisi tulilipa tukiwa hata cha kuchagua hatuna. Nilipoajiriwa kulikuwa na JUWATA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, basi. Kabla yake NUTA, iliyoundwa 1964 baada ya shirikisho la zamani la vyama vya wafanyakazi kuvunjwa, na Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Michael Kamaliza alikuwa Waziri wa Kazi na papo hapo Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi. Fikiria unampelekea waziri malalamiko, halafu unatoka mlango huu unaingia ule, unamkuta tena yeye. Mwaka 1991 ikaja OTTU kuchukua nafasi ya JUWATA, na 1993 walimu wakasajili chama chao, CWT. Wengine wakafuata njia hiyo, kada kwa kada.

Kwa hiyo nyie mnaogombaniwa na pikipiki mbili, mimi nawaonea wivu kidogo.

Bwana Mashaka

Mimi sijaingia popote na sitaingia. Niko kwenye chama cha taaluma yangu, tuna mkutano wetu wa mwaka, tuna cheti, tuna WhatsApp. Kinanitosha.

Shangazi wa Wodi

Mashaka kaka yangu, siku ikikufika utatafuta cheti hicho ukifunge kidonda.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa ishirini huu. Miaka kadhaa nyuma tulihesabu stoo, dawa zikapungua kwenye leja. Zamu zilikuwa tatu, funguo mikononi mwa watu wanne, lakini barua ya mashtaka ikaja kwangu peke yangu. Nimepewa siku za kujibu, mkono unatetemeka, sijui pa kuanzia. Nikapigia chama cha taaluma, wakanipa pole za dhati kabisa, wakaniambia wataniombea. Sikuwalaumu, hiyo si kazi yao.

Aliyekuja ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, kijana wa maabara, si mtu mkubwa. Aliketi na mimi jikoni kwangu hadi usiku. Akauliza maswali ambayo sikuyafikiria: nani alisaini kupokea, kwa nini vocha mbili zina tarehe moja, kwa nini mwenye funguo ya pili hakuandikiwa barua. Mbele ya kamati ya uchunguzi alikaa pembeni yangu na kila nilipotaka kulia alinisogezea karatasi nisome. Nilipewa onyo, sikufukuzwa. Kazi ninayo mpaka leo.

Sasa mniulize chama gani. Sitaji, kwa sababu siamini ni chama. Ni yule kijana. Halmashauri ya jirani, chama kilekile, shoga yangu alipata shida kama yangu, mwakilishi alizima simu siku ya kikao.

Mgeni mwanangu, usiulize chama kipi kizuri Tanzania nzima. Uliza pale kituoni kwenu, siku ukipata barua, nani atakuja jikoni kwako.

Kibatari

Shangazi umeninyamazisha. Narudi baadaye.

Mwl wa Zamu

Sawa Shangazi, hiyo nimeikubali. Lakini tuseme na ukweli wa mishahara. Wanavyojisifu kwamba wao ndio walioleta nyongeza! Mei Mosi ya 2022 Dodoma, halafu ikatangazwa asilimia 23.3 ya kima cha chini. Mei Mosi ya 2025 Singida, kima cha chini kikatajwa kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Kila chama kikadai ni kazi yake. Mimi wa daraja la kati niliambulia nini? Asilimia kubwa ni ya kima cha chini, huku juu tunapewa makombo. Na kikokotoo cha mafao ya mkupuo ya kustaafu je? Tulipiga kelele tangu 2018, ikaja asilimia 33 mwaka 2022, na 2024 wakapandisha kwa baadhi yetu hadi 40. Wote wanasema "tulipambana".

Aliyekuwa Mwenyekiti wa Tawi

Mwalimu, nimesoma kimya lakini hapo lazima niingie.

Nilikuwa mwenyekiti wa tawi vipindi viwili. Niliacha mwenyewe, sikuangushwa, kwa hiyo sina kinyongo na sina cha kutetea.

Mishahara ya watumishi wa umma haijadiliwi na mkurugenzi wako wala na mwenyekiti wa tawi. Kuna Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, ya 2003, na mabaraza yake, na juu ya hapo TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kwa niaba ya vyama vyote. Pale mezani hakuna chama kimoja kinachoweza kusema "hii ni yangu". Kwa hiyo wakala yeyote wa kofia anayekwambia chama chake ndicho kilicholeta nyongeza fulani, mwache amalize, mpe maji, aende.

Na anayekuahidi mgomo ni mwongo mara mbili. Kada ya afya ni huduma muhimu kwa sheria ya 2004, kugoma kwenu ni marufuku ila kwa masharti mazito sana. Hata wasio wa afya, utumishi wa umma una hatua zake ndefu za kura na notisi. Walimu waligoma mwisho wa Julai 2012, na haikupita wiki Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikausimamisha kwa sababu taratibu hazikufuatwa. Hicho kilikuwa chama kikubwa chenye wanasheria.

Kazi ya tawi ni ndogo na ndiyo inayokugusa. Malimbikizo. Fedha za likizo. Fedha za uhamisho, maana wanakuhamisha leo na kukulipa ukiwa umeshahama tena. Kuthibitishwa kazini, jina lako kusahaulika kwenye orodha ya kupanda daraja. Mashauri ya nidhamu kama la Shangazi. Baraza la wafanyakazi, ambako bajeti ya halmashauri inapita na mnaweza kuuliza kwa nini fungu la madeni ya watumishi limepigwa panga. Kwenye nidhamu ndiko chama kinapimwa kabisa, kwa sababu tangu 2016 sheria ya utumishi wa umma inakutaka umalize ngazi za ndani kwanza, Tume ya Utumishi na kuendelea, kabla ya kukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama mfanyakazi wa kiwandani. Rufaa ina siku zake. Ukikosa mtu wa kukwambia siku zinakwenda, umeisha.

Sasa Mgeni, mimi ningekuwa wewe ningeuliza hivi. Mkutano mkuu wa tawi ulikaa lini mara ya mwisho, na muhtasari uko wapi? Sheria inakitaka chama kifanyiwe ukaguzi wa hesabu kila mwaka na mwanachama aweze kuziona. Je, tawi lilisomewa? Katika kila mia inayokatwa, ngapi inarudi tawini? Hilo la tatu wengi hulikimbia. Kuna tawi niliwahi kulitembelea, hela ya tawi ilikuwa inaishia kwenye diari na kalenda za mwaka mpya. Kalenda nzuri kweli, zenye picha za viongozi kumi na mbili, mmoja kila mwezi.

Mgeni wa Halmashauri

Nimeziandika. Lakini wakuu, swali la mtego. Nikijaza TUF 6 ya hiki chama cha pikipiki, si nitakuwa nimeshatoka kwenye uwakala wa kile cha kwanza? Jamaa walisema hivyo.

Karani Mstaafu

Walikudanganya, au hawajui, na yote mawili ni mabaya.

Ada ya uwakala inamhusu kila mfanyakazi wa kitengo ambaye si mwanachama wa chama KILICHOTAMBULIWA. Haisemi "asiye na chama". Kwa hiyo kama chama cha kwanza ndicho chenye wengi na kina mkataba wa uwakala, ukiingia kwenye chama kidogo utakatwa ada ya uanachama huku na uwakala kule. Mara mbili. Nimewaona watu wanakuja dirishani na slipu mkononi wanapiga kelele wameibiwa, kumbe kila shilingi ina karatasi yake.

Mwl wa Zamu

Mzee, hii kwa walimu imetusumbua sana tangu tulipokuwa na zaidi ya chama kimoja, CWT na baadaye CHAKUHAWATA. Watu walihama kwa hasira, slipu ikaja na mistari miwili. Nilidhani ni makosa ya mfumo.

Aliyekuwa Mwenyekiti wa Tawi

Si mfumo. Ndiyo maana kuhama mmoja mmoja ni maumivu, na kuhama kwa wingi ni silaha.

Angalia kifungu cha 69. Chama kilichotambuliwa kikipoteza wingi, mwajiri anatakiwa kukipa notisi ya miezi mitatu kirudishe wengi wake. Kikishindwa, kinavuliwa utambuzi wa kuwa msemaji pekee, na uwakala nao unakosa pa kusimama. Chama kipya chenye zaidi ya nusu kinapeleka notisi kwa mwajiri, wanatakiwa wakutane ndani ya siku thelathini. Wakishindwana, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na likishindikana huko linaishia Mahakama ya Kazi. Kinachohesabiwa ni fomu. Si kelele, si kofia, si idadi ya waliopiga makofi mkutanoni.

Nilishiriki kuhesabu fomu hizo mara moja. Siku mbili, chumba cha masjala, feni mbovu. Upande mmoja unaleta fomu za marehemu, upande wa pili unaleta fomu za mtu yuleyule amesaini vyama vyote viwili kwa sababu aliogopa kumkatalia mtu. Watumishi wa namna hii walikuwa wengi kuliko unavyodhani! Kila mmoja alikuwa anatufutia hesabu. Mwishowe chama kimoja kilipita kwa tofauti ambayo ingejaa kwenye Noah moja.

Halafu jambo la aibu: uchaguzi wa tawi uliofuata, katika halmashauri yenye mamia ya watumishi, tulikaa watu thelathini na kitu. Thelathini ndio waliochagua msemaji wa wote.

Jirani wa Namanga

Niruhusuni niingize la huku Kenya, mimi ni mwalimu upande wa pili wa mpaka.

Mwaka 2019 chama chetu kikongwe cha KNUT, kilichoanzishwa 1957, kilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000. Kikaenda mahakamani kupinga mambo fulani ya TSC, tume inayoajiri walimu, kuhusu kupandishwa vyeo na sera nyingine. Uamuzi ukatoka Julai, kikashinda sehemu kubwa. Kumbe ushindi ule ulikuwa na mwiba. TSC ikasema basi, kama hamtaki utaratibu wetu, nyongeza za mkataba wa 2017 hadi 2021 zilizojengwa juu ya utaratibu huo haziwahusu wanachama wenu. Mwisho wa mwezi mwalimu wa KNUT na mwenzake wa KUPPET, chama kingine cha walimu, wakawa na slipu tofauti. Ndani ya miaka miwili KNUT ilikuwa imebaki na wanachama wasiofika 30,000. Uongozi ukabadilika 2021, ndipo wakaanza kurudi polepole.

Hakuna aliyeitisha mjadala wa nani anatetea vizuri. Watu walitazama slipu wakahama usiku. Sisemi walikosea, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini mwajiri aliyeweza kupanga slipu ndiye aliyetuchagulia chama, tukidhani tumechagua wenyewe.

Shangazi wa Wodi

Jirani, hiyo ya mwisho imenikaa.

Bwana Mashaka

Kwa hiyo mnaniambia chama cha taaluma hakiwezi kuketi na mwajiri hata kidogo?

Karani Mstaafu

Kinaweza kuketi, kikikaribishwa. Hakiwezi kudai kuketi. Chama cha wafanyakazi kinasajiliwa na Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri, kwa masharti yake: kisiwe mkononi mwa mwajiri, kiwe kimeanzishwa kwenye mkutano wa wafanyakazi wasiopungua ishirini, kiwe na katiba. Ukisajiliwa hapo ndipo milango ya majadiliano na uwakilishi inafunguka kwa haki, si kwa hisani. Chama chako cha taaluma endelea nacho, kinakunoa. Havigombani.

Na kwa wale mnaoniuliza pembeni: watu wa menejimenti ya juu hawaruhusiwi kuwa kwenye chama kinachowawakilisha walio chini yao. Polisi, magereza, jeshi na JKT hawamo kabisa kwenye sheria hii.

Mwana wa Mchangani

Na wa Unguja na Pemba msichukue vifungu hivi mkaenda navyo kwa mwajiri. Sheria hiyo ya 2004 ni ya Bara. Huku kwetu tuna Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, na vyama vyetu viko chini ya ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Zanzibar. Kuna bwana mmoja alimsomea bosi wake kifungu cha 61 cha Bara kwa sauti kubwa, akaulizwa kama ameshapata boti ya kuvukia.

Kibatari

Hahaha! Wazenji mna maneno.

Mgeni wa Halmashauri

Wakuu, nimerudi na mrejesho, siku kumi na moja baadaye. Samahani kwa ukimya, mtandao huku unakuja na upepo.

Kwanza nilimwandikia afisa utumishi barua, sikwenda kwa mdomo tena. Kwa mdomo aliniambia "utaratibu". Kwa barua alinijibu kwa barua. TUF 6 yangu haipo, mkataba wa uwakala upo, umesainiwa kabla sijamaliza chuo. Kwa hiyo mzee Karani ulipiga palepale.

Pili, nilikwenda kwa wote wawili na maswali ya Mwenyekiti. Chama cha pikipiki kilijibu haraka sana kuhusu makato na polepole sana kuhusu mengine. Tawi halipo bado, litaundwa "tukishakuwa wengi". Mwakilishi wa karibu yuko makao makuu ya mkoa. Nilipouliza la kukatwa mara mbili, yule kijana alisema halmashauri haitathubutu. Nikamuuliza kifungu. Akaniambia nisiwe mwoga. Sikumchukia, alionekana ana moyo kweli, na hoja yake moja ilikuwa ya haki: hiki kikongwe kimelala kwa sababu hakina wa kukishtua.

Kikongwe nacho! Mwenyekiti wa tawi nilimpata baada ya simu sita. Mkutano mkuu wa mwisho hakuukumbuka mwaka. Hesabu "ziko mkoani". Ila alipoona nimeandika maswali kwenye daftari alikaa vizuri kwenye kiti, akaita mtu, wakatafuta faili. Tulikuta mwakilishi wa kituo chetu ni mama ambaye alihamishwa miaka miwili iliyopita. Yaani kituo cha watu kumi na wanane hakina mtu.

Nikarudi kituoni nikaeleza kila kitu, pamoja na hili la mara mbili. Wale wauguzi wawili waliosaini na glavu walikasirika, mmoja ameandika notisi ya mwezi mmoja, mwingine amesema anabaki hukohuko kwa sababu ameshachoka na kikongwe, hata akikatwa mistari mitatu. Tukabishana sana chai ikapoa. Wengine sita wakaleta slipu zao, watano kati yao ni uwakala kama mimi na walikuwa wanajiita wanachama.

Mimi nimejaza TUF 6 ya kikongwe. Sijakipenda. Nimeona kura yangu pale ina uzito leo, kule itakuwa na uzito siku ambayo siijui. Na nimeandika juu ya fomu kwa kalamu nyekundu: naomba tarehe ya mkutano wa tawi.

Shangazi wa Wodi

Na mwakilishi wa kituo je?

Mgeni wa Halmashauri

Wamenitazama mimi, Shangazi. Miezi minne kazini, bado sijathibitishwa!

Aliyekuwa Mwenyekiti wa Tawi

Subiri uthibitishwe. Wakati huo mtafutieni mtu mzima wa maabara. Watu wa maabara wana subira.

Mwl wa Zamu

Bado nasema ni tisheti ghali. Ila kesho naenda kuangalia faili langu kama nina TUF 6. Miaka kumi na saba, sijui mimi ni nani.

Kibatari

Mkuu, hukujibu swali langu la kwanza. Kofia?

Mgeni wa Halmashauri

Bluu. Aliichukua mlinzi, anaivaa zamu ya usiku.